Ukurasa wa Nne Haukuwepo

Alhamisi, tarehe kumi na saba Julai. Manyunyu tangu alfajiri, upepo wa kusi ukija kwa vipindi. Saa nne jua lilitoka lakini halikupasha kitu.

Nimerudi kutoka Pangani saa kumi, nimeoga, nimekaa chini. Naandika kabla ya kupika kwa sababu najijua. Jambo nikilala nalo usiku mmoja, asubuhi nakuwa nimeshalitia sukari, na mimi ndani yake nimekuwa mtu mzuri kidogo kuliko nilivyokuwa. Leo sitaki.

Daftari hili ni la binti yangu, alimaliza kidato cha nne akabakiza kurasa nyingi nyeupe. Huandika humu bei ya mchele, nani kajifungua, nani kafariki, na maneno ya redioni ambayo sikuyaelewa, ili siku nikipata wa kumuuliza nimuulize. Mimi niliishia darasa la saba. Nilizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge, baba alikuja huku kukata mkonge akafia huku. Kwetu hatukuwa na shamba wala mti hata mmoja. Nyumba ilikuwa ya mwajiri, na mwembe wa nje ulikuwa wa mwajiri. Nataja hili si kwa kujitetea. Nalitaja kwa sababu lina sehemu yake katika yaliyotokea, na nisipoliandika nitakuwa nimeficha.

Sasa naishi Mabawa. Miaka kumi na tisa nafanya usafi na kupika chai katika ofisi moja ya serikali hapa mjini. Magazeti yakishakaa mapokezi siku mbili tatu hayatakiwi tena, na mimi niliomba ruhusa nikapewa, nayachukua. Ndiyo yaliyonifanya kuwa msomaji.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ana ua mpana nyuma ya nyumba. Baada ya alasiri wanawake watano sita hukusanyika pale kusuka ukili, ile mikanda mirefu ya miyaa ambayo baadaye hushonwa ikawa mkeka. Mimi kusuka sijui. Vidole vyangu vilikulia kwenye katani, ukili kwangu hutoka umepinda kama mkia wa mbwa, wakanikataza nisiwaharibie. Kwa hiyo mimi husoma, wao wakisuka. Jambo hili lilianza miaka mitano iliyopita kwa matangazo ya vifo, likaenda kwenye habari za ndoa za watu wakubwa, na mwisho, sijui kwa nini, likaishia kwenye uchumi. Labda kwa sababu kila kitu kilikuwa kinapanda, nao walitaka kujua nani anakipandisha.

"Waziri wetu wa fedha kafika," husema wakiniona na gazeti kwapani. "Haya, shilingi imeamkaje leo?"

"Ina mafua kidogo."

"Mpeni tangawizi!"

Tulikuwa tunacheka hivyo. Siku moja nilisoma habari za hatifungani, mmoja akauliza hicho ni kitu gani. Bahati nilikuwa nimeshamuuliza mhasibu wetu ofisini, nikaeleza alivyonieleza yeye: serikali ikipungukiwa hukopa kwa watu na mabenki, inawapa karatasi, inawalipa kidogo kidogo kila baada ya muda, na miaka ikitimia inarudisha fedha yenyewe.

"Kumbe serikali nayo inacheza upatu," akasema jirani yangu.

"Tena bila kikao," akadakia mwingine.

Nilijiona mkubwa siku ile. Si vibaya mtu kujiona mkubwa siku moja. Ubaya ni kwamba niliizoea.

Jirani yangu huyo amenizidi miaka kama minane, namwita dada, yeye huniita mdogo wangu. Ni mjane. Kwa miaka michache alikuwa mzabuni mdogo wa shule moja ya bweni ya serikali: anapeleka maharage, shule inapeleka hati zake juu, fedha ikishuka analipwa. Maharage alikuwa akiyachukua kwa mkulima mmoja wa milimani, Mshambaa, mtu mpole, ambaye hulipwa dada akilipwa. Mwaka huu tangu Januari hakuna kilichoshuka. Alikwenda shuleni, mkuu wa shule akamwonyesha barua alizoandika. Siwezi kumlaumu mkuu wa shule. Alikwenda na kwingine, akaambiwa madai yanahakikiwa. Kufika mwezi wa tano yule wa milimani akaja mwenyewe, akakaa ukumbini, akala, akanywa chai, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba naye mbolea anaikopa, na kwamba hatarudi tena kuuliza kwa sababu anaona haya. Hilo lilimuumiza dada kuliko matusi. Akasema fedha ya mtu huyu nitaipata mwezi huu huu, hata iweje.

Alichokuwa nacho cha kuleta fedha ni kimoja, minazi kumi na minne ng'ambo ya mto Pangani, aliyoachiwa na mama yake.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa masika, mvua imekatika mchana, ua una maji, tumehamia chini ya bati. Nilikuwa na gazeti lenye kichwa kikubwa ukurasa wa kwanza juu ya madeni ya wazabuni wa serikali. Wote waliacha kusuka. Sijawahi kuwaona wakiacha kwa ajili ya gazeti. Ukili ukisimamisha mkono unalegea, hawapendi. Nikasoma. Ukurasa wa kwanza ulisema madeni yapo, serikali imekiri yapo, wabunge wamelalamika, wazabuni wengine wamefunga biashara. Kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo: inaendelea ukurasa wa nne.

Ukurasa wa nne haukuwepo. Karatasi ya katikati yote ilikuwa imechukuliwa. Nafikiri ni dereva wetu, hufungia chapati, na simlaumu, gazeti lilikuwa la kutupwa. Nililijua hilo tangu ofisini. Nililijua nikiwa nalikunja kuliweka kwenye mkoba.

Dada akauliza, "Limesema watalipa lini?"

Kilichotakiwa ni maneno matatu. Gazeti limeishia hapa. Ningeyasema, mtu angecheka, angesema waziri kafukuzwa bungeni, tungeendelea na mengine. Lakini wanawake sita walikuwa wananitazama mdomoni. Mdomo ukafunguka.

Nikasema, kwa sauti yangu ya kusomea, ambayo si ile ninayoongea nayo, kwamba wataalamu wa uchumi wameeleza hali ya mapato si nzuri, nakisi ya bajeti imekuwa kubwa, deni la taifa linakula makusanyo, soko la dunia limechafuka na mafuta hayatabiriki, kwa hiyo wazabuni wasitegemee malipo mwaka huu, na huenda hata mwaka ujao. Macho nilikuwa nayapeleka juu ya karatasi. Kushoto kwenda kulia, nashuka mstari, naanza tena. Nilifika mahali nikaufunua ukurasa. Upande wa pili kulikuwa na tangazo la mabati.

Nikitaka kuwa mkweli mpaka mwisho, sikutunga. Kila neno nililisikia mahali. La nakisi lilikuwa la redioni, la soko la dunia nalo la redioni, kwenye kipindi cha mwenendo wa uchumi ambacho huwa nasikiliza nikikosha vikombe. La deni la taifa nililisoma gazeti jingine. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililosemwa juu ya maharage ya shule ile. Niliyachukua mambo ya dunia nzima nikamwekea mwanamke mmoja mapajani.

Usiku ule sikujiona nimefanya kosa. Nilijiona nimefafanua.

Watu wa kwao dada, kule Pangani, mtu akiwa na shida hawamwambii auze minazi. Huiweka rehani. Mwenye fedha anatoa fedha, anakwea na kuchuma nazi mpaka siku fedha yake itakaporudi. Siku hiyo minazi inarudi kwa mwenyewe, na nazi alizokwisha kuchuma ni zake. Wapo masheikh wanaoukataza utaratibu huu, na dada huwa anasema wana haki yao, lakini ndivyo watu wanavyoishi. Mwanawe, aliyeko Horohoro kwenye kazi za forodhani, alimpigia simu akamwambia mama weka rehani, usiuze. Shemeji yake wa Pangani akamwambia vilevile. Alipatikana mnunuzi, naye alikuwa tayari kwa lolote kati ya mawili.

Akaja kuniuliza mimi.

Tulikuwa jikoni kwangu, nachambua mchicha. Nikamwambia, "Dada, rehani ni ya mtu ambaye fedha yake inakuja. Yako haiji leo wala kesho. Huyo bwana atakula nazi zako mwaka mzima, miwili, na mwisho utashindwa kuikomboa, utamwachia kwa hicho kidogo cha rehani. Bora uuze sasa upate bei kamili, umlipe mtu wa maharage, kibaki kitu."

Hesabu hiyo ningeipeleka kwa mwalimu yeyote angeipitisha. Kilichokuwa uongo ni namba ya kwanza.

"Ni minazi ya mama," alisema.

Nami nikajibu, "Ni miti, dada."

Nimeandika juu kwamba kwetu hatukuwa na mti. Basi.

Akauza. Mtu wa maharage akalipwa yote, akaleta gunia moja dogo la shukrani.

Juni ikafika. Sasa hapa ndipo ninapojishangaa, na nimejishangaa karibu wiki tatu nzima. Miaka kumi na tisa, kila Juni, mimi ndiye niliyebeba chai. Mwaka wa serikali wa fedha unaisha Juni thelathini. Wiki mbili za mwisho ofisi nzima haiendi nyumbani mapema. Mashine za kuchapa zinatoa hati za malipo mpaka zinanuka moto, mhasibu anagomba na kila mtu, simu zinalia, hiki kimepitishwa, kile kimerudishwa kwa kukosa sahihi. Sukari ya ofisi huisha mara mbili. Niliwahi kumuuliza mhasibu kwa nini hamfanyi haya taratibu tangu mwanzo, akanijibu, "Mama, fedha inashuka kwa mafungu, na nyingine inashuka mwishoni. Na ikiingia tarehe ishirini na tano usipoitumia, tarehe moja si yako tena." Nililijua hilo kama ninavyojua kipimo cha majani kwenye birika. Nimewahi kuwaona wazabuni wamejipanga kwenye benchi la nje mwezi huo, nimewapa maji, nimewaona wanaondoka wanacheka.

Lakini lilikuwa jambo la kwenye sinia la chai. Sikulihesabu kuwa elimu. Elimu ilikuwa ile ya kwenye gazeti, hata ilipokuwa haimo.

Dada alilipwa Juni ishirini na nane. Yote, tangu Januari. Alikuja mbio na simu mkononi, kitenge kimemfunguka, "Imeingia! Mdogo wangu, imeingia yote! Hebu nisomee, isije ikawa macho yangu!" Nikamsomea. Ilikuwa yote. Tukashikana mikono tukaruka kama watoto. Kisha nikaona uso wake unahesabu. Mei, Juni. Aliuza katikati ya mwezi wa tano.

"Wiki sita," alisema. Akakaa kwenye kinu. "Ningengoja wiki sita. Au ningeweka rehani."

Ningesema pale. Nafasi ilikuwa pana kama uwanja wa mpira.

"Magazeti haya," akasema yeye. "Magazeti waongo wakubwa!"

 Nami niliguna, mguno wa kukubali.

Kwa wiki mbili ua ule ukawa mahakama ya magazeti. "Usitusomee waongo hao." "Wanaandika ili wauze." "Tusomee vifo tu, huko hawadanganyi." Mmoja alimkataza mumewe asinunue. Nikawa nasikia mtu asiyekuwepo anasimangwa kwa kosa langu. Aliyeandika habari ile simjui, labda naye ana watoto. Jumatatu ya wiki iliyopita nilimwomba mtunza kumbukumbu ofisini anifungulie kabati, wao huweka nakala moja ya kila gazeti. Nikaitafuta siku ile. Ukurasa wa nne upo, safi. Umesema madai yaliyokwisha kuhakikiwa yatalipwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Mistari miwili. Kisha umesema yale ambayo hayajahakikiwa yatangoja. Sisemi gazeti liliahidi kila mtu. Liliandika lilivyoambiwa, kwa uangalifu, na likawa kweli kwa dada.

Niliinakili mistari hiyo kwa mkono nyuma ya daftari hili. Sikumwonyesha mtu.

Juzi dada akaniambia, "Nakwenda Pangani Alhamisi kumrudishia fedha yake, anipe minazi yangu. Twende wote, wewe unajua kuongea." Nikaomba ruhusa kazini. Hata kuomba ruhusa kulikuwa uongo, nilisema nina msiba.

Tulipanda basi la asubuhi. Njia nzima alikuwa mchangamfu, amevaa baibui jipya, fedha ameifunga kwenye leso akaifunga tena kiunoni. Kwenye kivuko alilipa nauli yangu na yake, kama kawaida yake, huwa hakubali nilipe. Aliniambia habari za minazi ile njiani kama anayenitambulisha kwa wakwe. Kaka yake marehemu ndiye aliyechonga vipandio, zile ngazi za kukwelea kwenye shina, naye alikuwa mfupi, kwa hiyo vipandio vimekaribiana sana. "Mkwezi mrefu akipanda kwetu," alisema, "magoti yanamgonga kidevu." Akacheka mpaka akajifuta macho.

Mnunuzi tulimkuta hapo hapo shambani. Ni mtu wa makamo, anapeleka madafu mjini kwa lori. Alituamkia vizuri.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba baba. Watoto hawajambo?"

Akatuletea jamvi. Lakini dada hakukaa, alikuwa anahesabu kwa macho. Nami nikahesabu. Kumi. Visiki vinne, vibichi bado, na kando yake zizi jipya la ng'ombe, nguzo zake za mnazi.

"Ile minne ilikuwa imezeeka, mama," bwana yule akasema, ameona tunapotazama. "Miwili haizai kabisa." Inawezekana ni kweli. Mimi minazi siijui.

Dada akafungua leso. "Nimekuja na fedha yako. Ile ile, na nyingine juu yake kwa usumbufu. Hiyo minne nimesamehe. Nirudishie hii kumi."

"Mama, mimi nilinunua."

"Najua."

"Tena nilikuuliza. Mbele ya mjumbe na mashahidi nilikuuliza, unaweka rehani au unauza? Maana niliona haya mwenyewe, mali ya urithi. Ukaniambia nauza, gazeti limesema serikali hailipi mpaka mwaka kesho kutwa. Nikasema kama gazeti limesema, mimi nani?" Alikuwa anasema bila ubaya. "Ingekuwa rehani, leo ungenipa changu ukachukua chako, tukanywa dafu tukaagana. Sasa nimeshaahidi watu madafu. Zizi nimeshajenga. Siwezi, mama yangu."

"Magazeti!" dada akasema, akatema mate pembeni. "Wameniangamiza waongo hawa. Shahidi wangu huyu hapa, ndiye aliyenisomea kwa kinywa chake." Akanigeukia. "Hebu mwambie, mdogo wangu. Mwambie lilivyosema."

Nilitazama zizi. Ng'ombe mmoja alikuwa ananitazama na yeye.

"Halikusema," nikasema.

"Halikusema nini?"

"Gazeti halikusema hivyo, dada. Ule ukurasa haukuwepo. Uliishia mbele. Yale mengine nilisema mimi."

Hakuelewa mara ya kwanza. Ilibidi nirudie, na kurudia ndiko kulikonimaliza.

"Ulikuwa umelishika," akasema.

"Nilikuwa nimelishika."

"Macho yalikuwa yanakwenda. Huku, kisha huku, kisha huku." Alikuwa ananionyesha kwa kidole mbele ya uso wangu.

"Nilikuwa nayapeleka mwenyewe."

"Ukafunua ukurasa!"

"Nilifunua."

Bwana yule alisimama akasema, "Ngoja niwaletee maji," akaenda akakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji. Namshukuru.

"Mwanangu aliniambia usiuze," dada akasema. Hakuwa anapiga kelele, na mimi ningependa apige. "Shemeji yangu aliniambia usiuze. Nikawaambia nyie mnajua nini, mimi nina msomaji wangu. Msomaji wangu! Nikamkatia mwanangu simu."

Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nitamchangia kila mwezi mpaka apate minazi mingine mahali.

"Kwa mshahara wa ufagio?" akasema. "Afadhali serikali. Serikali inalipa mapema kuliko wewe."

Kama angekuwa amesema kwingine tungecheka wote wawili. Niliona hata yeye mdomo ulimtetemeka, kisha akaukaza.

Alikwenda mpaka kwenye mnazi mmoja akaweka mkono juu ya vipandio, akahesabu vitatu vinne kwenda juu, akarudi. Bwana yule alipoleta maji alileta na nazi mbili mbili, ametufungia kwenye kamba. Mimi nilipokea, mkono ulitangulia. Dada alikataa.

"Nazi za mama yangu sipewi," akasema. "Asante baba. Wewe huna kosa."

Nami tayari nilikuwa nimezishika zangu. Kuzirudisha ningemtukana mwenyeji, kuzibeba ningemtukana dada. Nikazibeba. Nilitembea nyuma yake mpaka kivukoni, nazi zinanigonga goti.

Kwenye kivuko alilipa nauli moja. Nililipa yangu. Alikaa upande wa pili, kati yetu kulikuwa na bajaji na mtu mwenye kuku. Kwenye basi vilevile. Kufika kwetu, mlangoni kwake, ndipo aliponigeukia.

"Wale wenzetu utawaambia mwenyewe. Kesho baada ya alasiri. Mimi sitakusemea, na sitakufichia."

"Nitawaambia."

"Uanze na gazeti kwanza, kwamba halikudanganya. Nimelitukana wiki mbili." Akaingia, akafunga mlango. Huwa haufungi mchana.

Nimejaribu kuandika kila mtu alivyo. Serikali ilichelewa, miezi mitano si midogo kwa mwanamke mwenye gunia la mtu, hilo nalo ni kweli na lisifutike kwa sababu ya kosa langu. Lakini ililipa. Mnunuzi aliuliza akajibiwa. Gazeti liliandika. Mtu wa maharage alingoja. Nikiwapanga wote hivi kwenye mstari, sioni mwingine wa kusimama mbele ila mimi. Na bado kuna sehemu yangu inayosema, labda angeuza tu, labda minazi ile ilikuwa imezeeka kweli. Naisikia sehemu hiyo. Inaongea kwa sauti ile ile ya kusomea.

Kesho sitakwenda na gazeti. Sijui nitashika nini mikononi.

Niliacha kalamu tukapika, sasa ni usiku. Mume wangu ameuliza Pangani kumekwendaje. Nimemwambia jamaa hakukubali kurudisha. Akasema alijua. Mengine nitamwambia kesho nikishatoka uani, kama hajasikia kwa watu. Binti yangu aliziona nazi jikoni akazivunja bila kuuliza zimetoka wapi, akazikuna zote mbili. Tumekula wali wa nazi, mchicha, na kipande cha papa mkavu aliyebaki jana. Wali ulikuwa mzuri sana, mume wangu aliongeza, na mimi niliongeza.